Bi. Mashavu Murad na Kigae cha Waholanzi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, Bi. Mashavu Murad anastaafu kazi ya Msimamizi Mkuu wa Ufungashaji na Ghala katika tawi letu la Jeddah. Ameomba taarifa hii iwe fupi. Alipendekeza pia isiandikwe kabisa, kwa sababu, kwa maneno yake, mtu akianza kusifiwa ujue kuna jambo anataka kuombwa. Ombi la kwanza tumejitahidi. La pili tumelikataa.

Bi. Mashavu, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Safa kwa jina la bintiye, alizaliwa Sharafiya, Jeddah, kwa wazazi waliohama Unguja mwaka 1964. Alijiunga na kampuni mwaka 1994, wakati kazi yetu ilikuwa kufungasha vyombo vya nyumbani vya wageni wanaohama nchi. Wafungashaji wanaume hawakuweza kuingia vyumba vya akina mama, kwa hiyo kampuni ikatafuta wanawake. Alianza na mapazia na sahani. Kampuni ilipogeukia usafirishaji wa vitu vya kale kwa ajili ya maonyesho, alisomea kazi hiyo upya, akapanda ngazi hadi akakabidhiwa ghala zima.

Tabia yake inajulikana Jeddah hadi Riyadh: haamini kitu asichokiona. Mfanyakazi akileta keki ya siku ya kuzaliwa, Bi. Mashavu huuliza nani ameioka na kwa nini leo. Hamdun, mlinzi wa ghala, anasema hajawahi kumwambia "kila kitu kiko salama" bila yeye kuinuka na kwenda kuhakikisha. Wapo waliochoshwa na tabia hiyo. Lakini yaliyotokea wakati wa maonyesho ya Waingereza na Waholanzi yalitufundisha kwamba kuna shaka ya kulinda na kuna shaka ya kuumiza, na kwamba yeye alijua tofauti yake.

Maonyesho hayo yalifanyika miaka miwili iliyopita katika ukumbi wa Al-Sulimaniyah, Riyadh. Yalihusu mataifa mawili yaliyopigana vita baharini karne ya kumi na saba huku yakiigana karibu kila kitu. Wataalamu walikuwa wawili: Bw. Lewis kutoka Uingereza na Dkt. Hanneke kutoka Uholanzi. Tuliambiwa ni marafiki wa siku nyingi. Baada ya siku moja ghalani, Bi. Mashavu alisema hajawahi kuona marafiki wanaofungiana milango namna ile.

Walibishana juu ya kila kitu. Kuhusu William, mtawala wa Uholanzi aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza, Lewis alisema, "Tulimwalika." Hanneke akajibu, "Alikuja na jeshi. Nani hualikwa akaja na jeshi?" Kuhusu vyombo vya udongo vya buluu na nyeupe, Hanneke alisema Waingereza waliwaiga Waholanzi. Lewis akasema Waholanzi nao waliwaiga Wachina. Siku moja Hanneke aliwaeleza wapagazi kwamba neno "bosi" Waswahili wamelipata kwa Waingereza, na Waingereza walilipata kwa Waholanzi. Lewis alipokubali kwa shingo upande, ghala lote likacheka. Kumbe tumeitana Kiholanzi miaka yote!

Jambo ambalo halikuchekesha mtu lilikuwa Ambon. Katika kisiwa hicho cha viungo, mwaka 1623, Waholanzi waliwakamata wafanyabiashara wa Kiingereza kwa tuhuma za kutaka kuteka ngome yao, wakawatesa na kuwaua kumi, pamoja na askari wa Kijapani waliokuwa wakiwatumikia Waholanzi wenyewe. Lewis alitaka bango la ukutani liandikwe "mauaji". Hanneke alitaka liandikwe "hukumu". Wiki mbili nzima bango lilikaa tupu.

Kitu cha thamani kuliko vyote kilikuwa kigae kimoja cha buluu, kikubwa kuliko kiganja, chenye mchoro wa meli za Kiingereza zikiteketea ndani ya mto wao wenyewe siku Waholanzi walipowavamia. Hanneke alitaka kikae mlangoni. Lewis aliomba mara tatu kisogezwe nyuma. Kule Jeddah, mbele ya Bi. Mashavu, mfungashaji wetu Selipher alikilaza kwenye sponji, akafunga sanduku la mbao. Lori likaenda Riyadh, nasi tukalifuata.

Sanduku lilipofunguliwa Al-Sulimaniyah, sponji ilikuwa na alama ya kigae. Kigae hakikuwepo.

Hanneke alimgeukia Lewis, akamkazia macho. Lewis akanyanyua mikono. "Usinitazame hivyo. Nikiibe nikipeleke wapi?" Kila mmoja wetu aliangalia begi la mwenzake. Bw. Morgan, meneja wa mradi, akauliza nani alifunga sanduku.

"Ni mimi, sir," alisema Selipher. "Lakini nililifunga likiwa na kitu ndani. Mama Safa aliniona."

Hapo chumba kizima kikapumua, kama watu waliopata walichokuwa wakitafuta. Selipher alikuwa mtu wa Kakamega, mwenye mwaka mmoja tu kazini. Mlinzi wa ukumbi alimmwagia mkoba wake juu ya meza: kitana, chaja ya simu, mafuta ya kujipaka. Kisha akanyoosha mkono akasema, "Ikama." Selipher akatoa kile kibali chake cha ukaazi. Ambaye hajaishi huku pengine haelewi maana ya kukitazama kikiingia mfukoni mwa mtu mwingine. Selipher akawa anarudia, "Mimi sijui, jameni, mimi sijui."

Bi. Mashavu alikuwa akikagua masanduku mengine. Akaja, akasimama mbele ya mlinzi.

"Mrudishie ikama yake."

"Mashavu," alisema Morgan, simu mkononi, "masharti ya bima yanataka polisi waitwe mara moja."

"Wataitwa. Wakija waanze na mie, ghala ni langu. Lakini kwanza kila aliyegusa mzigo Jeddah aseme hapa alichogusa. Mkubwa na mdogo."

"Ukichelewesha hili, kazi yako iko hatarini. Na unajua ukaazi wako unategemea kazi hii."

"Najua, bosi. Nimezaliwa nchi hii na ikama, wala sijawahi kuisahau hata siku moja."

Kisha akawageukia wataalamu wawili. Sauti yake ilikuwa ya chini, na sisi tuliomzoea tulijua kwamba hiyo ndiyo hasira yake.

"Huko Ambon mnakogombania, aliyekamatwa mwanzo alikuwa Mwingereza?"

"Hapana," alisema Lewis. "Alikuwa Mjapani. Askari wa kawaida."

"Kwa kosa gani?"

Hanneke ndiye aliyejibu. "Aliuliza maswali kuhusu ulinzi wa ngome."

"Aliuliza tu. Wakamtesa mpaka akataja wenzake. Wakubwa wawili hawaaminiani, wakamkamata aliyesimama katikati. Basi leo huyu mtoto wa watu hatakuwa Mjapani wenu. Halas, imetosha. Naanza mie: niligusa sanduku hili mara mbili, kabla ya sala ya adhuhuri na baada ya sala. Mara ya pili sikulifungua, nilitikisa kifuniko tu kuona kama kimekaza. Hilo ni kosa langu. Nani anafuata?"

Selipher alikuwa anaokota kitana chake kilichoangukia sakafuni. Hanneke alimtazama akikiokota, akaketi juu ya boksi, akaanza kusema huku akiangalia viatu vyake.

"Nilikitoa mimi. Wakati wa sala. Nilikuwa na hakika Lewis atakichelewesha kisifike kwa wakati. Nikakifunga kwenye shali yangu, nikakiweka kwenye boksi la taa za akiba. Leo nimelitafuta boksi hilo, silioni. Nikajua ameshanigundua."

Lewis akamgeukia. "Boksi la taa? Nililishusha mimi kwenye lori. Mfano wangu wa meli haukupata nafasi. Nikasema taa zipo Riyadh."

"Hukumwambia mtu?" akauliza Hanneke.

"Ungejua meli yangu imepewa nafasi ya taa, ungelalamika."

Bi. Mashavu alimpigia Hamdun kule Jeddah simu ya video. Hamdun akasema boksi lipo, liko salama, asiwe na wasiwasi. Mnaweza kukisia jibu. "Usiniambie lipo. Fungua nione." Shali ya kijani ikafunuliwa polepole, na ndani yake meli zile zikaonekana zikiwaka moto, nzima, bila ufa. Watu walipiga makofi. Selipher hakupiga. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili ikama yake, ambayo mlinzi alikuwa amemrudishia.

Hanneke alimwomba radhi mbele ya wote. Selipher akajibu, "Nimesikia, madam," akarudi kufungua masanduku; msamaha hakuutoa siku hiyo. Bi. Mashavu alisema ana haki hiyo, asiharakishwe na mtu. Yeye mwenyewe alipewa onyo rasmi kwa kuchelewesha taarifa ya upotevu. Alilipokea bila kubisha, ila alimwambia Morgan kwamba hali ikijirudia, naye atarudia.

Bango la Ambon liliandikwa jioni ileile. Lilisema kwamba Waingereza waliita tukio hilo mauaji, Waholanzi wakaliita hukumu, na mpaka leo hawajakubaliana. Sentensi ya kwanza ilimhusu askari wa Kijapani. Lewis ndiye aliyependekeza, Hanneke akaiandika. Kigae kilikaa mlangoni, na kando yake sahani ya Kiingereza iliyoiga ufundi huohuo. Wageni wengi walishindwa kutofautisha kipi cha nani, jambo ambalo wataalamu wote wawili walilichukia kwa pamoja. Ndiyo mara ya kwanza tulipowaona wakilalamika upande mmoja.

Katika miaka yake Bi. Mashavu amesimamia mizigo ya maonyesho mengi, na hakuna kitu kilichovunjika mikononi mwake. Amewafundisha kazi wanawake wengi wa tawi la Jeddah. Mmoja wao ni Selipher, ambaye kuanzia Julai atakuwa Naibu Msimamizi wa Ghala.

Kwa kuwa ukaazi wake unakwisha pamoja na kazi, Mama Safa anahamia Unguja, kwa ndugu za marehemu mama yake, mahali ambapo hajawahi kuishi. Hakutuficha wasiwasi wake. Huku, alituambia, kila mara ameulizwa ametoka wapi, na huko anajua watamwita Mwarabu na kumuuliza amefuata nini. Ana miaka sitini na anaanza kuwa mgeni upya.

Kwa hiyo pamoja na shukrani zetu tuna ombi kwa majirani zake wapya. Atakaposhuka kwenye gari na masanduku yake, msimuulize chochote pale mlangoni. Mpeni kiti kwanza, na maji ya kunywa. Bi. Mashavu, asante kwa kusimama pale uliposimama. Uishi kwa afya na raha, na upokewe vizuri.

Wairimu, kwa niaba ya wafanyakazi wa Riyadh na Jeddah