Jumwa Matano na Karatasi Iliyotundikwa Kombani

Wenye vijitabu mkononi wafungue ukurasa wa tatu, waone mstari unaosema kwamba Jumwa Matano alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mstari huo si wa marehemu. Marehemu aliacha wake, akausema kwa kinywa chake mbele ya mumewe na mbele ya mdogo wake, Subira, na akawaapisha kwamba utasomwa siku ya kuzikwa kwake. Subira ndiye anayesoma sasa. Kijitabu kilichapishwa jana Ijumaa kabla hajakiona, kwa hiyo mtakayosikia leo yameandikwa kwa mkono, na anayetaka kulinganisha alinganishe.

Jumwa alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Agosti 1985, katika boma hili hili la Taru. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Matano, mnunuzi wa mbuzi, na Mama Mbeyu. Subira alimfuata baada ya miaka saba, na katika miaka hiyo saba Jumwa alizoea kuwa mkubwa, tabia ambayo hakuiacha hata kitandani.

Alianza shule hapa Taru mwaka 1992. Alipofika darasa la tano tayari alikuwa msomaji wa barua wa kina mama ambao waume zao walifanya kazi mbali. Alikuwa na kanuni moja: barua husomwa yote. Siku moja bibi mmoja alimwomba aruke pale ambapo mwanawe alieleza kwamba ameoa huko Voi bila kuaga. Jumwa alikataa kwa adabu. Alisema, "Bibi, nikiruka hapa nitakuwa nimekusomea barua nyingine." Bibi alilia, kisha akamletea embe mbili. Baba yao alipofariki mwaka 1999, mama aliwahamishia Kombani, ambako aliuza mboga sokoni, na Jumwa akamaliza kidato cha nne mwaka 2003.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya Diani. Aliifanya kwa miaka tisa. Wageni walipopungua alipunguzwa pamoja na wenzake, akapewa cheti kizuri chenye picha na muhuri, na mama akakitundika ukutani. Mkumbuke cheti hicho, kwa maana ndicho kilichotuponza.

Mwaka 2013 Jumwa alijiandikisha kwa ajenti mmoja wa Mombasa aliyekuwa akipeleka wafanyakazi wa nyumbani Ghuba. Alipimwa damu. Wasichana walikaa kwenye benchi, wakaitwa mmoja mmoja, na aliyerudishiwa pasi yake bila neno alijua kwamba safari imekufa. Sababu hakuambiwa. Jumwa yeye aliambiwa amepita. Kama damu ile ilipimwa kweli au iliishia chupani, hadi leo hakuna ajuaye.

Alisafiri tarehe 14 Januari 2014. Siku ya tatu baada ya kufika alitolewa damu tena, kama sheria ya kule inavyotaka kwa kila mgeni mfanyakazi. Siku ya kumi mama mwenye nyumba alimkataza kugusa vyombo, akaanza kumpa chakula kwenye sahani za kutupa. Jumwa aliuliza kosa lake. Hakujibiwa. Majibu ya damu yake yalikwenda kwa mwajiri, yakaenda kwa wakubwa wa vibali, yakaenda uwanja wa ndege, yakamzunguka yeye mwenyewe kama mtu asiyehusika. Alifungiwa siku nne pamoja na wanawake wengine katika chumba chenye vitanda bila magodoro. Pale uwanjani alipewa bahasha, na alipomuuliza askari ina nini, askari alimwonyesha mkono wake mahali sindano ilipoingia, akatikisa kichwa.

Alifika Kombani tarehe 2 Februari. Alimwambia mama kwamba wamemrudisha, lakini wamempa karatasi.

Mama aliifungua. Ilikuwa na picha ya mwanawe, muhuri wa kijani, na maandishi ya Kiarabu yaliyopangika vizuri. Katika nyumba yetu karatasi yenye picha na muhuri ilikuwa sifa. Mama aliipeleka Ukunda ikawekewa fremu na kioo, akaitundika kando ya cheti cha hoteli, chini ya kalenda ya kanisa. Wageni waliisifu. Mchungaji mmoja aliyekuja kula chapati alisema hajaona mwandiko mzuri kama ule. Na Jumwa, msomaji wa barua za Taru nzima, alipita mbele yake kila asubuhi wala hakumtafuta mtu wa kuisoma. Alikuja kukiri baadaye kwamba aliogopa. Alisema ni rahisi kusoma barua ya jirani.

Miezi kumi na moja ilipita. Jumwa alikonda, akakohoa, nguo zikamning'inia. Sisi tulisema ni mawazo ya kukosa kazi. Tulimpikia uji, tukamwombea, huku dawa ya kumwokoa ikitolewa bure Msambweni, mwendo wa asubuhi moja.

Mwezi wa Januari 2015 Ustadh Alamin, jirani yetu mwalimu wa madrasa, alikuja na mkewe Hasina kumjulia hali mgonjwa. Mama alimkalisha kwenye kiti cha wageni, na kiti hicho kilielekea ukutani. Ustadh alisoma mstari wa kwanza, wa pili, kisha akaweka kikombe chini. Hakusema kitu mbele ya watu. Alimwomba mama amruhusu azungumze na Jumwa, Hasina akiwepo, na mlango ukiwa wazi.

Jumwa alituhadithia mara nyingi alivyoambiwa. Ustadh alivuta kigoda, akakaa chini kuliko yeye, akasema, "Mwanangu, karatasi hii inakuhusu wewe kabla ya kumhusu mtu mwingine. Nitakusomea yote, na nikimaliza hatutaondoka hapa." Iliandikwa kwamba damu yake ina virusi vya Ukimwi, kwamba hafai kufanya kazi, na kwamba asiingie tena katika nchi ile maisha yake yote. Hapakuwa na mstari wa tiba. Hapakuwa na mahali pa kumwambia aende wapi. Hasina alimshika mkono, na kesho yake wote watatu walikwenda hospitali ya Msambweni, ambako alianzishiwa dawa.

Wapo hapa watakaotaka kujua virusi alivipata wapi. Marehemu alisema swali hilo aliulizwa na watu wengi ambao hawakuwahi kumuuliza kama amekula. Basi tuendelee.

Alipopata nguvu alisomea ushauri nasaha, na mwaka 2016 Hasina alimpa chumba nyuma ya duka lake la cherehani pale Ukunda. Kila Jumatano Jumwa alikaa humo na wale waliotaka kwenda Ghuba. Aliwashauri wajue hali zao hapa nyumbani kwanza, kabla ya ajenti, kwa hiari yao, na majibu wapewe wao. Yeye aliwasindikiza kituo cha afya, akarudi nao, akakaa nao. Viti viwili vya chumba kile vilikuwa vya kimo kimoja, na fundi aliyekosea kimo akarudishiwa mara mbili. Hakuwazuia watu kusafiri. Alisema dhahiri kwamba njaa ni maradhi pia. Lakini mtu akipimwa kama mbuzi wa mnada, alisema, walau na ajue amepimwa nini.

Mmoja wa waliokuja alikuwa Absalom, mpishi kutoka Kakamega aliyekuwa akifanya kazi Diani. Damu yake ilikuwa salama. Akaahirisha safari, kisha akaendelea kuja kila Jumatano bila sababu inayoeleweka. Jumwa alimweleza hali yake mapema, juu ya chai, ili aondoke kama ni kuondoka. Absalom akamjibu, "Yangu umenisomea, yako nimesikia. Sasa hii chai tunakunywa ama tunaiogopa?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Desemba 2017. Mtoto wao, Ashley, alizaliwa tarehe 22 Machi 2019, bila virusi, na Absalom ameomba jambo hilo lisemwe wazi, kwa sababu kuna mama aliyemkataza mwanawe kucheza naye.

Mwezi Mei 2024 Jumwa aligunduliwa kuwa na kansa ya mlango wa kizazi. Madaktari walimweleza kwamba kansa hiyo huwapata kwa urahisi zaidi wanawake wenye virusi, na zaidi waliochelewa kuanza dawa. Dawa zake hakuwahi kuziruka hata siku moja tangu alipoanza. Ile miezi kumi na moja ya mwanzo, karatasi ikiwa ukutani, haikurudi tena. Alitibiwa Mombasa hadi Desemba, akaomba kurudi nyumbani Ukunda, na huko alifariki Jumatano, tarehe 5 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na tisa. Mstari wake aliouacha ni huu: "Niliishi na virusi vya Ukimwi miaka kumi niliyoijua. Wa kwanza kuambiwa walikuwa wageni, wa mwisho nilikuwa mimi."

Juzi Alhamisi alasiri familia ilikaa kikao. Baba mdogo Chirau, mwenyekiti wa mazishi, alikataa mstari huo. Haifai kumsingizia ubaya. Ndiye aliyetulipia shule baba alipofariki, na bintiye Mbodze anangojea safari ya Ghuba mwezi ujao. Alihofia jina la ukoo, akamhofia Ashley. Alisema, "Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ukisoma hayo nitainuka nikunyang'anye kipaza sauti mbele ya watu, na usije ukasema sikukuonya."

Subira alimjibu kwamba dada yake hakuwa na aibu, alikuwa na virusi. Alijibu hivyo kisha akatoka nje upesi, kwa sababu hajawahi kumjibu Baba mdogo tangu azaliwe. Jioni ile aliandika wasifu wa aina mbili, mmoja wenye mstari na mmoja usio nao. Zote mbili ziko mfukoni mwake sasa hivi.

Leo asubuhi, kabla ya jeneza kutolewa ndani, mama alikuja na kitu kilichofungwa kwa leso. Tulidhani ni Biblia. Ilikuwa ile fremu. Sote tuliamini ilichomwa miaka kumi iliyopita, kumbe mama aliihifadhi chini ya nguo zake. Chini ya Kiarabu Jumwa alikuwa amebandika tafsiri ya Kiswahili kwa mwandiko wake, kama Ustadh alivyomsomea, neno kwa neno, hakuruka kitu. Mama aliisimamisha kando ya picha ya marehemu, pale mnapoiona. Alimgeukia shemeji yake, akasema, "Baba Mbodze, hii niliitundika nikiwa sijui, mwanangu akaisha mbele ya macho yangu na mimi nikipangusa kioo. Leo naiweka nikijua. Mtoto asome."

Baba mdogo alichukua kiti chake akakihamishia hapa karibu na kipaza sauti, akaketi. Alifanya hivyo kwa nini, Subira hakujua alipokuwa akimalizia kuandika maneno haya. Ameyaandika hivi: ikiwa mmesikia mpaka hapa, basi Baba mdogo hakuinuka, na Subira anamshukuru mbele yenu wote.

Na ikiwa kuna mtu katika mkusanyiko huu ambaye pasi yake imerudishwa bila neno, hatutamtaja wala hatutamtazama. Chumba cha Ukunda kitakuwa wazi Jumatano hii kama kawaida. Hasina atakuwapo, viti ni vile vile.

Jumwa ameacha mume, Absalom, binti, Ashley, mama, Mbeyu, mdogo wake, Subira, baba mdogo, Chirau, pamoja na jamaa yake, mashemeji wa Kakamega, Ustadh Alamin na Hasina, ambao hatukuzaliwa nao lakini leo wamekaa na wafiwa, na watu wa Jumatano, ambao idadi yao aliijua yeye peke yake na ameondoka nayo.

Bwana alimtoa, Bwana amempokea. Pumzika, dada. Karatasi yako imesomwa yote.