Skonzi za Jibini Chini ya Dirisha la Mama Olinda

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mnene uliookolewa kiwandani siku kiwanda cha sukari kilipofungwa. Umelazwa juu ya mawe mawili chini ya dirisha la jiko la akina Furtado, pale kona ambapo barabara ya kanisani inakutana na ile inayoteremka kwenda mji wa Hilo, pwani ya kisiwa. Kahawa hutoka dirishani. Zamani ilitolewa na Mama Olinda, na kila kikombe kilikuja na neno lake. Tangu alipozikwa, Kwaresima ya mwaka jana, huitoa mwanawe Jeremias, na neno halipo tena. Ndiyo maana kijiweni wanamwita Kimya. Asubuhi ile ya Jumamosi, kesho yake ikiwa sikukuu ya Roho Mtakatifu, wazee watatu walikuwa wamekwisha kaa. Alikuwapo Jogoo, Mfilipino mwembamba aliyewahi kufuga majogoo ya kupigana, ambaye mpaka leo hawezi kueleza jambo bila kumtia kuku ndani. Alikuwapo Boila, mjukuu wa Wajapani wa mashambani, aliyeitumikia mitambo ya mvuke hadi ikazimwa. Na alikuwapo Germano Rapozo, msimamizi wa meza ya mikate kanisani, ambaye kila mtu humwita Sheria, mkewe akiwamo. Mvua ilikuwa imekata, bati bado likidondosha.

Siku hiyo Jeremias alitoka kwa mlango. Alibeba sinia lililofunikwa kitambaa cheupe.

— Oho! Jogoo akasema. Leo kahawa imekuja na mwenzake.

Jeremias aliliweka sinia benchini, kati ya Boila na Sheria, akafunua. Skonzi zilikuwa zimebanana bega kwa bega, zimeshikana vilevile kama zinavyotoka kwenye pakiti. Kila moja ilikuwa na kishimo katikati, na ndani ya kishimo jibini nyeupe, na juu ya jibini tone la jemu ya mapera. Kingo ziling'aa siagi.

— Ni za mezani, alisema. Za kesho. Nilitaka Anko Germano azione kwanza.

Sheria aliweka kikombe chini.

Kwenye meza ile, ambapo kila familia huweka mkate wake wa sikukuu, nafasi hazina vibao, zinajulikana tu. Ya akina Furtado ni kulia kwa taji la fedha la Roho Mtakatifu, tangu bibi yake Mama Olinda, Maria Augusta, alipopeleka pale mkate mtamu wa kwanza kutoka tanuri la mawe la Kambi ya Wareno, makao ya vibarua wa miwa. Jeremias hakuwapo, lakini angeweza kukuambia mkate ule ulitandikiwa nini: mfuko wa unga uliofuliwa ukapigwa pasi, maua ya buluu yametariziwa kwenye pembe moja tu, kwa sababu uzi uliisha. Mwaka jana nafasi ile iliwekewa ua, kwa ajili ya msiba. Mwaka huu msiba umekwisha. Nafasi ikibaki tupu mara ya pili inapewa wengine, na mji mzima ulijua kwamba Anti Delfina, shemeji yake Sheria, ameshaandaa keki ya ghorofa tatu.

— Umeoka mwenyewe? Sheria aliuliza.

— Nimeoka.

— Sikuulizi habari za oveni, Kimya. Unga kakanda nani?

Jeremias alikunja kitambaa mara mbili kabla ya kujibu.

— Sikukanda. Ni skonzi za dukani.

— Za pakiti? Jogoo akaruka. Zile laini za pale karibu na mayai? Wajukuu zangu wanazimaliza ndani ya gari kabla hatujafika nyumbani!

— Hizo hizo, Anko.

— Basi tumemaliza, akasema Sheria. Mkate wa duka haupandi ile meza. Haukupanda wakati wa baba yangu, na mimi sitaanza leo.

— Punguza moto kidogo, bwana, Boila alisema. Muulize kwanza amefanyaje. Mtambo hauhukumiwi kwa kuuangalia bati.

Wakamgeukia Jeremias wote watatu. Hakuwa mtu wa hotuba, lakini jambo likiwa lake alilisema kwa utaratibu, bila kuruka kitu.

— Usizitenganishe. Ukizitenganisha zinakauka ubavuni. Unalaza pakiti nzima kwenye sinia lililopakwa siagi. Unachukua bilauri, unakandamiza kila moja katikati kwa kitako chake, polepole, mpaka iingie bila kutoboka. Jibini ya krimu unaitoa kwenye friji mapema ilainike yenyewe, usiipashe. Unaikoroga na sukari, kiini cha yai, vanila, na ganda la limau lililokwaruzwa, lile la njano tu, ukifika kwenye jeupe umeharibu. Unajaza vishimo, unatia jemu, unapaka kingo siagi. Ndani ya oveni mpaka jibini iache kutetemeka. Zikipoa, unazichirizia sukari ya unga iliyokorogwa na maji ya limau.

— Kisha? Sheria aliuliza.

— Basi.

— Basi? Hata jasho halikukutoka!

— Halikunitoka, Anko.

— Mnamsikia? Sheria aliwageukia wenzake. Mama yangu alikuwa akiamka kuwasha tanuri kabla majogoo ya huyu hayajafumbua macho. Mama yako naye hivyo hivyo, Mungu amrehemu. Hawa wawili walikuwa hawasalimiani wiki nzima ya sikukuu, kila mmoja akiulinda unga wake kama mtoto mchanga. Halafu wewe unakuja na bilauri!

Jeremias alipangusa tone la jemu ukingoni mwa sinia. Vidole vya mama yake, miaka yake miwili ya mwisho, vilikuwa vimevimba fundo kama tangawizi. Kukanda kulimshinda. Lakini kukandamiza hakukumshinda: aliishika bilauri kwa viganja vyote viwili, akaiegemea kwa uzito wa mwili. Kila Jumapili asubuhi walikula skonzi hizi wao wawili, dirisha likiwa limefungwa. "Wale wa nje wasijue," alikuwa akisema. Jeremias angeweza kulitamka hilo sasa hivi na Sheria angenyamaza. Hakutaka. Siri ya mama haitolewi ili kumshinda mtu benchini. Skonzi zisimame zenyewe, au zianguke zenyewe.

— Nachukua moja, Boila alisema. Kwa uchunguzi tu.

Akaichukua, akatafuna macho yamefumbwa. Wenzake walingoja.

— Nimeelewa, akasema mwishowe. Sikilizeni. Sukari yetu ilikuwa inatoka hapa ya kahawia, si ndiyo? Inavushwa bahari, inasafishwa ng'ambo, inarudi nyeupe ina jina la watu wengine. Sasa niambie, Sheria, sukari ile ilikuwa ya nani?

— Yetu. Mgongo wangu unajua.

— Ehee. Na huu mkate mtamu ulitoka wapi? Si hapa hapa, kwenye matanuri yenu nyie Wareno? Umetoka, umevuka bahari, umetiwa pakiti, umerudi. Huyu Kimya hajanunua kitu cha watu. Amempokea mtoto wa nyumbani uwanja wa ndege.

— Fiksi hizo, Boila.

— Wala si fiksi, Jogoo akadakia, naye mkono umeshafika siniani. Mimi nimemwona aliyeuiba! Mgeni mmoja wa kofia pana, alikaa hapa hapa ulipokaa wewe. Mama Olinda akampa kipande dirishani. Jamaa akala, akanyamaza, makombo akayatia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Haukupita muda, pakiti hizo madukani!

— Pakiti zilikuwapo Olinda hajaolewa! Sheria akafoka.

— Basi alikuwa mama yake Olinda aliyempa.

— Wewe ulikuwa hujafika kisiwani!

— Nilisimuliwa vizuri sana, mzee mwenzangu, mpaka ikawa kama nimeona.

Jogoo alijilamba jemu kidoleni, akaongeza:

— Halafu tazama. Kuku mmoja anataga yai, anakwenda zake kuparuaparua. Mwingine anakuja, analiatamia. Kifaranga kikitoka, kinamfuata nani? Hizi skonzi kiwanda kimetaga tu. Kimya ndiye ameatamia.

— Kwa hiyo mkate ni kuku sasa?

— Kila kitu ni kuku ukikitazama kwa makini.

Boila alikuwa kwenye ya pili. Akasema moto wa kiwandani si moto, ni mvuke unaozunguka. Mkate unaiva ngozi tu, roho inabaki mbichi inangoja mtu wa kuimalizia. Alishuhudia hayo kwenye mitambo. Jogoo akasema ikiwa ni hivyo, basi pakiti zote za mji huu zina roho mbichi, na ndiyo sababu wajukuu wake hawatulii. Boila akasema hilo halina ubishi. Kila hoja ilihitaji ushahidi, na ushahidi ulikuwa siniani.

Sheria alivumilia, kisha akachukua moja, akaigeuza akitazama chini yake kama fundi viatu.

— Nakagua, alisema. Msinitazame hivyo.

Akauma. Akatafuna mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili taratibu. Masharubu yakaingia jibini. Akainua uso kulitazama dirisha, pale ambapo kikombe hutokea.

— Hili ganda la limau, alisema kwa sauti ya chini. Limekwaruzwa jembamba hivi. Nani amekufundisha?

— Nyumbani, alisema Jeremias.

Sheria aliitikia kwa kichwa. Akachukua ya pili bila kutangaza ukaguzi.

— Ni tamu, alikiri mdomo umejaa. Sikatai kwamba ni tamu. Lakini nina moja linalonikwama, na nyie na kuku zenu hamtalijibu. Msalaba uko wapi? Unga wa sikukuu, ukiwa mbichi, unapigwa msalaba kwa ubavu wa mkono, unaombewa, ndipo unafunikwa blanketi uumuke. Mama zetu hawakuruka hilo hata mwaka wa tetemeko. Hizi zilitoka kwenye pakiti zimeshaumuka. Umbariki nani wakati kazi imekwisha?

Boila alifungua kinywa, akaona ni afadhali atie skonzi. Jogoo alitafuta kuku wa kumfaa, akamkosa. Hata Jeremias, usiku wote aliowaza neno la kumwambia Sheria, hilo hakuwa amelipatia jibu. Mama yake hakuupiga msalaba kwenye zile za Jumapili. Aliona kama ni kujipa kisichokuwa haki yake.

Wakabishana tena, safari hii kama baraka inaweza kupenya plastiki. Jogoo akaapa inapenya, kwa sababu padre aliwahi kubariki gari lake madirisha yakiwa yamefungwa na bado linakwenda. Mikono ilikwenda, mikono ilirudi.

Gari dogo la mizigo likasimama kwenye kona. Akashuka msichana aliyevaa shada la maua kichwani: Kawehi, mwalimu mpya wa watoto kanisani, ambaye alikuwa bado anajifunza nyumba ipi ni ya nani.

— Habari za asubuhi, wazee. Nazungukia mikate ya meza. Nimeambiwa ya akina Furtado iko kona hii. Iko wapi?

Walitazama sinia wote wanne kwa pamoja. Lilikuwa na mng'ao wa siagi, makombo, na alama moja nyekundu ya jemu mahali ambapo skonzi ya mwisho ilikuwa.

— Wazee? Mikate iko wapi?

Jogoo alikagua bati. Boila aligundua kitu cha maana sana kwenye kucha zake. Sheria alipeleka mkono kwenye masharubu, akachelewa. Msichana alikuwa ameshayaona.

Jeremias ndiye aliyeanza kucheka. Hawakuwahi kumsikia akicheka tangu mazishi, na kicheko chake kilikuwa cha mama yake mtupu, kile cha kuanzia puani. Boila akafuata, kisha Jogoo, kisha benchi lenyewe likawa linatikisika.

Sheria pekee hakucheka. Alisimama, akajipangusa, akavaa sauti yake ya kanisani.

— Binti, rudi ukawaambie nafasi ya kulia kwa taji isiguswe. Akija mtu na keki aizungushe upande wa pili. Hata akiwa shemeji yangu. Hasa akiwa shemeji yangu.

— Na wakiniuliza mikate iko wapi?

— Waambie mikate ya akina Furtado iko njiani. Boila! Dukani, mbio. Pakiti mbili, na uzibebe kama mayai. Jogoo, wewe kaa hapo hapo, usiguse kitu.

Sheria aliingia jikoni mle kwa mara ya kwanza maishani. Mwana wa Rapozo hakuwahi kukaribishwa humo wakati wa vita vya mikate. Boila alipozileta pakiti, jibini nyingine iliyobaki ilikuwa imelainika mezani tayari. Jeremias alimpa bilauri yenye kitako kinene, iliyochubuka ukingoni. Hakumwambia ilikuwa ya nani.

— Taratibu, Anko. Usiipige ngumi. Iegemee.

— Naiegemea.

— Iegemee kwa viganja viwili.

Sheria aliegemea. Skonzi ilizama vizuri, ikabaki imezama. Akaendelea na ya pili, na ya tatu. Wakajaza, wakatia jemu, wakapaka siagi. Jeremias alipoliinua sinia kulipeleka kwenye oveni, Sheria alimshika kiwiko.

— Ngoja. Hizi zinaingia motoni?

— Zinaingia.

— Basi bado ni mbichi.

Akanyoosha ubavu wa mkono wake juu ya sinia, karibu sana bila kuigusa jibini, akakata msalaba, mkato mmoja wa kwenda na mmoja wa kukatiza. Midomo yake ilisema maneno ya wanawake wa Kambi, yale ya kumwomba Mungu auzidishe mkate. Katikati alikwama. Jeremias akayamalizia.

Nje kikombe kiligongwa ukutani.

— Jamani! Jogoo aliita. Kahawa imekwisha huku!

Jeremias alifunga mlango wa oveni, akachukua birika, akatoa mkono dirishani.

— Kunyweni mpaka mshibe, alisema. Safari hii sinia linapita mlango wa nyuma.