Mama Bravin na Paneli ya Mau Narok

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Salome Jepkemboi anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Paneli ya Nderit kwa miaka thelathini na mmoja na miezi tisa. Wengi wetu tunamwita Mama Bravin, ingawa Bravin mwenyewe sasa ni muuguzi mwenye watoto wawili huko Eldoret. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu meza zetu zimekuwa jirani kwa karibu miaka tisa. Sababu ya pili nimejipa mwenyewe: kuna kisa kimoja ambacho yeye kila mara hukisimulia kwa namna ya kunilinda. Leo nitakisimulia mimi.

Alijiunga nasi Februari 1994 akitoka Subukia, akiwa na cheti cha ufundi wa umeme na bisibisi mbili za kwake. Alikuwa mwanamke pekee kwenye benchi za mafundi. Kazi yake ilikuwa kufunga nyaya ndani ya paneli, yale makabati ya chuma yanayowasha pampu, mota na taa, na aliifanya kwa miaka ishirini na miwili. Wazee wa karakana wanasema paneli aliyoifunga yeye ungeijua hata kabla ya kuambiwa, kwa jinsi nyaya zilivyolala pamoja kama nywele zilizosukwa na dada mkubwa.

Alikuwa pia mtu wa kuzama mawazoni. Ungempata amesimama mbele ya kabati lililo wazi, kidole kikifuata njia ya waya hewani, macho yakiwa mbali kabisa na Nakuru. Hakuna aliyemshtua, kwa kuwa aliporudi kutoka huko alikokwenda, kwa kawaida alikuwa amelipata kosa.

Mwaka 2016 vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kufa ganzi. Bisibisi ikawa inamponyoka, kisha mkono ukaanza kutetemeka. Daktari alimweleza kwamba mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa kwenye kifundo cha mkono, matokeo ya miaka ya kukaza skrubu. Alifanyiwa upasuaji na maumivu yakapungua, lakini ule ushikaji wake wa zamani haukurudi.

Mzee Nicodemus Mathenge, mkuu wa karakana, alimwita ofisini kwa heshima zote. "Salome, mkono huu umefanya kazi ya watu watatu," alimwambia. "Wacha sasa upumzike nyumbani."

"Mkono upumzike, mzee," akajibu. "Mimi sijachoka."

Akaomba kiti katika ofisi ya michoro. Tulishangaa. Michoro yote ya paneli tulikuwa tukiichora kwa programu ya kompyuta, naye alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja na hajawahi kugusa kompyuta. Mzee Nicodemus alifikiria, akampa miezi mitatu. Akishindwa kuchora mchoro unaofaa kupelekwa kwa mafundi, angekwenda nyumbani. Mwalimu wake nikawa mimi, Abby Wangare, niliyekuwa na miaka ishirini na sita na niliyejiona najua kila kitu.

Januari 2017 akaketi. Kipanya alikishika kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu anayeokota yai chini ya kuku anayeatamia. Siku ya tatu nilimwambia achore kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa na sumaku kuwasha mota. Akachora vizuri ajabu: kisanduku, skrubu zake sita, hata kibandiko cha kiwandani. Ilinibidi nimweleze kwamba kwenye mchoro wa umeme hatuchori sura ya kitu, tunachora kazi yake. Sumaku itakuwa ukurasa wa pili, na vidole vyake vya kuunganisha vitakuwa ukurasa wa tano.

Alisikitika kwelikweli. "Umekata kitu kimoja ukakitawanya. Kitajuaje kuwa ni kimoja?"

"Kwa jina, Mama Bravin. Kote kinaitwa K3."

Akageuka akaangalia dirishani. "Ni kama sisi kwetu," akasema mwishowe. "Ndugu yangu yuko Olkaria kwenye mitambo ya mvuke, dada yuko Kericho, mimi niko hapa. Jina ni la baba mmoja." Tangu siku hiyo hakuwahi kukosea jina la kifaa.

Wiki ya pili nilisikia amevuta pumzi kwa nguvu. Alikuwa amezungusha gurudumu la kipanya bila kujua, na skrini ilikuwa nyeusi tupu. "Abby, nimeiua kazi yako."

"Haijafa. Ni wewe umeenda mbali nayo." Nikabonyeza, mchoro wote ukarudi mahali pake.

Nilidhani yameisha. Kumbe alikuwa amependa. Baada ya hapo ningemkuta akijipeleka mbali kwa makusudi, mchoro ukipungua hadi ukawa chembe ya nuru gizani, kisha anarudi polepole mpaka mistari inaanza kuonekana, halafu vifaa, halafu majina. Alisema ndivyo bonde la Subukia linavyojionyesha ukiwa juu kwenye mteremko asubuhi ukungu unapoinuka: kwanza paa moja la mabati, kisha miti ya kahawa, kisha unaona hata ng'ombe wa nani wametoka. Jumatatu moja alitusimulia ndoto yake. Alikuwa akitembea juu ya mstari wa buluu, ukurasa hadi ukurasa, bila viatu, na kila alipokanyaga kiungo taa iliwaka mahali fulani mbali. Tulicheka, lakini nakumbuka hakuna aliyerudi kazini upesi.

Hakukosa vituko. Siku moja stima ilipotea mchana akiwa hajahifadhi kazi ya tangu asubuhi. Alicheka hadi akafuta machozi kwamba karakana ya umeme imekosa umeme. Kuanzia hapo, kila alipohifadhi alitamka "Hifadhi" kwa sauti, mara moja kila dakika chache, na wageni wa ofisi walidhani anaomba.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe. Katika mazoezi yake ya kwanza aliweka alama ya swichi juu ya mstari wa waya. Kwa macho ilikaa sawa. Nilipokuza picha mara nyingi, tukaona imepungukiwa na unywele mmoja: haikuushika mstari, na mstari ulipita chini yake bila kukatika. Kwa programu ile, swichi hiyo haikuwepo kwenye njia.

"Hii imekaa kama ndege juu ya waya," nilimwambia. "Waya hata haujui kama kuna ndege."

Neno hilo lilimwingia. Akaanza kukuza kila kiungo cha kila mchoro, kimoja kimoja, akitafuta ndege. Kazi niliyoimaliza kwa nusu siku ilimchukua siku mbili. Wenzetu wakaanza kutazamana. Miezi mitatu ikakaribia kwisha, naye hakuwa amemaliza mchoro hata mmoja wa kupelekwa kwa mafundi. Mzee Nicodemus aliniuliza faraghani nionavyo. Nilisema ana moyo, ila ni mpole mno kwa kazi hii. Naomba radhi kwa maneno hayo hapa, mbele ya watu wote.

Wiki ya mwisho, Aprili, lori letu liliondoka asubuhi kwenda Mau Narok likiwa limebeba paneli ya ghala la kuhifadhia viazi la chama cha wakulima. Paneli hiyo ilikuwa ya kuhamisha ghala kutoka stima ya laini ya taifa hadi jenereta, stima inapopotea. Ndani yake kulikuwa na kizuizi: swichi ndogo inayokataza jenereta kuingia wakati laini ina stima. Bila kizuizi hicho stima za pande mbili zinaweza kukutana, na anayepata madhara huenda akawa mhudumu wa ghala, au fundi aliye juu ya nguzo akidhani laini imezimwa. Mchoro ulikuwa wangu. Tulijaribu upande wa laini ukaitika, tukajaribu upande wa jenereta ukaitika. Pande zote mbili kwa pamoja hatukujaribu, kwa haraka ya kupakia.

Mama Bravin nilikuwa nimempa nakala ya mchoro huo ajizoeze kunakili. Saa nne na kitu akaniita, bila kuinua sauti. "Abby, njoo uone ndege."

Nilisimama nyuma ya kiti chake nikaona. Kizuizi kilikuwa kimekaa pembeni ya mstari kwa unywele mmoja. Kwa kuwa ni swichi ambayo kwa kawaida huwa imeunganisha, mstari uliopita chini yake haukuonekana kwa macho. Programu ilikuwa imetoa orodha ya nyaya ikipeleka waya moja kwa moja hadi kwenye kontakta ya jenereta, na mafundi wakafunga kama orodha ilivyosema.

Tulimpigia simu Kibii, dereva wa lori. Haikushika. Tukapiga tena na tena. Mzee Nicodemus akachukua ufunguo wa pikapu, na sisi wawili tukapanda. Tukapita Njoro, tukaanza kupanda kuelekea Mau, mvua ikawa ukungu, mashamba ya ngano yakawa yanatokea na kupotea kandokando ya barabara. Mimi nilikuwa nikilia. Mama Bravin aliangalia nje kwa ule utulivu wake wa ndotoni, kidole kikichora kitu kwenye kioo chenye mvuke. Baadaye nilielewa alikuwa akitafuta njia fupi ya kurekebisha.

Tulipofika, paneli ilikuwa imesimamishwa ukutani na mafundi walikuwa wakikaza nyaya za jenereta. "Mzee, kwani nimesahau nini?" Kibii akauliza, kikombe cha chai mkononi. Mzee Nicodemus aliwaomba wote wasogee nyuma.

Mkono wa Mama Bravin haungeweza kazi ile. Akanipa bisibisi. Mkono wangu nao ulikuwa ukitetemeka kuliko wake, basi akaweka kiganja chake juu yake, yote miwili ikatetemeka pamoja mpaka ikatulia.

"Ondoa waya wa kumi na nne," akasema. "Usiuvute, ufungue. Sasa upitishe kwenye kizuizi kwanza. Hapo. Kaza."

Tukajaribu pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kontakta ya laini ikagonga. Ya jenereta ikanyamaza. Nilisikia ukimya ule hadi kwenye meno.

Mzee Nicodemus alimwachia yeye kuandika ripoti. Penye nafasi ya chanzo cha kosa aliandika: "Tulipeleka mchoro kabla ya kuusoma hadi mwisho." Tuliupeleka, eti, yeye ambaye hata hakuwa ameuona ulipopelekwa. Jina langu halikuwemo. Kuhusu miezi mitatu, hakuna aliyeitaja tena.

Tangu wakati huo amechora zaidi ya michoro mia sita: pampu za mashamba ya maua, mitambo ya kupozea maziwa, viwanda vya kahawa, shule, na makanisa. Amefundisha wachoraji saba, wawili kati yao wakiwa na shahada wasizozitaja mbele yake. Na ni kwa sababu yake kwamba hapa Nderit mchoro hauteremki kwa mafundi mpaka mtu mwingine, asiye mchoraji wake, aukuze kiungo kwa kiungo. Hajawahi kuwa mwepesi. Mzee Nicodemus husema ndiye mchoraji pekee ambaye michoro yake hairudi.

Mchoro wake wa mwisho ulishuka karakanani Jumatatu. Ni paneli ya kawaida ya pampu ya maji. Mnajua desturi ya mafundi wetu: paneli ikianza kufungwa, kuna anayeinua waya ambao mchoro haujamweleza vizuri, akapaza sauti kuelekea ofisini, "Hii inaenda wapi?" Jana mchana Mama Bravin alishuka ngazi akasimama karibu na mlango, mikono nyuma, akiangalia. Fundi aligeuza ukurasa, akachukua waya, akaufunga. Akageuza ukurasa mwingine. Alikaa pale karibu saa nzima, na katika saa hiyo yote hakuna aliyeuliza swali. Kisha akapanda tena juu kunywa chai yake.

Mama Bravin, tunakushukuru kwa uvumilivu wako, kwa kicheko chako, na kwa kutufundisha bila kutuaibisha. Mungu akupe miaka mingi yenye afya, jirani wema, na wajukuu wanaokuja bila kusubiri likizo. Nenda kwa amani, nasi tunabaki tukikuombea mema.

Abby Wangare
Ofisi ya Michoro