Majina Arobaini Yasiyoitikiwa

Mgeni rasmi, daktari unayesimamia chanjo hapa Bujumbura. Mkuu wa gereza. Wauguzi na askari: amani iwe kwenu. Viti tulivyo navyo ni vitatu, na vyote mmevikalia. Sisi tumezoea kusimama.

Sisi ni nani

Ni wafungwa na mahabusu. Tunalala ubavu kwa ubavu. Mmoja akigeuka, safu nzima inageuka. Korona ilipoingia, fundi wetu Gélase, mzee wa miaka sitini na mitatu mwenye pumu, alishona barakoa kwa mashuka yetu mpaka kila mtu akapata. Hayo ndiyo maendeleo yetu, na tunajivunia.

Yaliyotokea

Alhamisi moja asubuhi, miezi saba iliyopita, muuguzi alisimama mlangoni na karatasi ya majina arobaini. Hapa kwetu karatasi ya asubuhi ina maana moja: lori la kuhamishia watu magereza ya mikoani. Ukihamishwa, chakula cha nyumbani umekiaga. Scholastique, mke wa Gélase, huja kwa miguu kutoka Buterere kila Jumatano na sufuria ya maharagwe. Basi Gélase aliposikia jina lake, alijificha jikoni.

"Mzee, wanakuita," alimnong'oneza Térence, jirani yake wa kulala.

"Apana, mi siende. Bibi yangu atanileteya chakula mpaka kule mikoa?"

"Basi na mi siende," alisema Térence, ambaye jina lake lilikuwa limeshapita.

Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Muuguzi aliita mara tatu, hakuitikiwa hata na mmoja wa wale arobaini, akaondoka na sanduku lake la barafu. Kwamba ilikuwa chanjo tulijua jioni, askari mmoja alipotucheka. Karatasini paliandikwa: "Wafungwa wamekataa."

Wiki ya tatu Térence alianza kukohoa. Gélase alimpepea kwa kofia siku nne, kisha Térence akafa. Tumemwambia mzee si kosa lake, lakini hasikii. Tunamwonea huruma.

Maombi

Tunaomba neno "wamekataa" lifutwe, maana kila tukiuliza habari za chanjo tunaonyeshwa hilo. Hatukukataa chanjo, tulikataa lori. Tunaomba wazee na wagonjwa wetu wahesabiwe foleni moja na wazee na wagonjwa wa mjini. Na muuguzi aseme kwanza kilichomleta, ndipo aite majina.

Tumeliona sanduku la barafu kwenye gari lenu. Hatujui ni la nani. Kama ni letu, karatasi na isomwe ileile. Jina la kumi na nne ni la Térence. Msiliruke, Gélase ameomba amwitikie. La kumi na tano ni lake mwenyewe. Yuko hapa mbele, amekunja mkono wa shati tangu asubuhi.

Mungu awafikishe kwenu salama, na sisi siku moja atufikishe kwetu.

Ni sisi, wafungwa na mahabusu wa gereza hili, kwa sauti ya Jérémie, kapita, kiongozi wa wafungwa tuliyemchagua.