Spika Aliyeliamuru Bunge Linywe

Ottokar Plattner, spika wa bunge la jimbo, alipanda tramu ya mji wa Innsbruck, Austria, akitoka misa ya chama cha wanafunzi Wakatoliki, chama ambacho ukiingia kijana hutoki mpaka kaburini. Alitamani asitambuliwe. Kwa kofia nyekundu ya chama na utepe wake kifuani, alijificha kama jogoo juu ya theluji.

"Mheshimiwa, si wewe uliyegonga meza jana bungeni?" akauliza mama mwenye kapu la viazi. "Ukaamuru, 'Ndugu, inueni glasi!'"

"Ndiye mimi, mama. Nimeongoza karamu nyingi za chama, na huko tunaitana ndugu. Ulimi ulijiendea."

"Na nusu ya wabunge wakasimama, wakanywa!"

"Maji tu, mama. Tena mpinzani wangu mkubwa ndiye aliyemaliza wa kwanza."

Abiria wakaangua kicheko, Ottokar naye akacheka. Mama hakucheka.

"Kumbe nusu ya bunge ni wa chama chenu; ndivyo mnavyopeana vyeo. Mwanangu hana kofia, ndiyo maana serikalini hapati kazi. Leo wabunge wengine wanapiga kura kukung'oa. Si uombe radhi ubaki na kiti chako?"

"Kwa kuropoka nimeshajicheka mwenyewe. Ila wao wanataka niombe radhi kwa kuwa na ndugu. Ndugu hao ndio waliobeba jeneza la mke wangu."

"La mume wangu hawakulibeba," akasema mama.

Tramu ikasimama mbele ya bunge. Ottokar akainuka, akaiweka kofia yake sawa.

"Pole kwa mumeo, mama. Lakini radhi siombi."