Melkiadi Bukuru, Mpima Ardhi Aliyehamia Kambini

Padri wetu, wazee wa ukoo, wenzake wa kazini, majirani wa Titye na ninyi mliotoka mbali tangu alfajiri, mimi ni Vestina, dada yake marehemu anayemfuata kwa kuzaliwa, ni mwalimu hapa Kasulu, na ukoo umenituma niwasomee maisha ya kaka yetu.

Melkiadi Bukuru alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 hapa Titye, mtoto wa tatu wa mzee Tharsisi Bukuru na mama Jeanne, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alitembea kabla hajajifunza kukaa. Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akaendelea na masomo ya kati mjini Kasulu, na mwaka 1971 akaenda Tabora kusomea upimaji wa ardhi, akarudi na cheti mwaka 1973, amevaa viatu vilivyokwisha soli, kwa sababu hata huko mjini alikuwa anakwenda kila mahali kwa miguu.

Serikali ilimwajiri Januari 1974, akapangiwa Kasulu wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na kazi yake ilikuwa kuvuta kamba na kupigilia vigingi mahali ambapo familia zingeshushwa na malori, kazi aliyoifanya kwa uaminifu, lakini akirudi nyumbani hakuweza kumaliza chakula akiwa ameketi, alisimama mlangoni na sahani mkononi akitazama barabara.

Mwaka 1977 alihamishiwa Kibondo, na huko akakutana na Esperance Manirambona, aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa binti mdogo, akalelewa na familia ya katekista Reverien, wakafunga ndoa takatifu tarehe 22 Septemba 1979, na Mungu akawajalia watoto watatu, Anaclet, Kezia na Christian, mnaowaona hapa mbele.

Wengi wenu mnakumbuka Kibondo ilivyokuwa ndogo, na mnajua ilivyobadilika baada ya wakimbizi kuingia mwishoni mwa mwaka 1993, magari ya mashirika yakajaa, maghala yakaota pembeni ya barabara, kila chumba kikapata mpangaji, na mashamba yaliyokuwa nje ya mji yakajikuta katikati ya mji. Kaka ndiye aliyetumwa kupima viwanja katika mihogo ya watu, na bibi mmoja aliyeitwa mama Nduwayezu alimshika mkono shambani akamuuliza, "Mwananje, mwanangu, hicho kigingi chako kitazaa nini?" kaka akafunga kamba zake, akaenda kusumbua wakubwa wake wiki baada ya wiki mpaka bibi yule akapewa kiwanja palepale kwenye shamba lake. Kaka alifurahi, lakini wapo wengine ambao hawakupata, na hao ndio alionitajia kila alipokuja kunisalimu Kasulu.

Esperance alifungua mgahawa karibu na stendi, madereva wakaupenda, na mwaka 1996 kaka akaazimwa kwenda kupima sehemu mpya ya kambi ya wakimbizi, akachora njia, akagawa vitalu, akaweka nafasi ya visima na ya kanisa, akaniambia ni mara ya kwanza kupima mji ambao hakuna mwenye ruhusa ya kutoka.

Tarehe 10 Desemba 1997, siku ya Jumatano, kaka akiwa kazini huku Kasulu, askari walipita Kibondo wakikusanya watu wote wenye asili ya Burundi waliokuwa wakiishi nje ya kambi, wakaingia mgahawani, na wifi yangu akawaambia, "Mimi ni mke wa Melkiadi wa ardhi, nina watoto Watanzania," akajibiwa, "Utaeleza huko mbele," akapandishwa kwenye lori na aproni yake kiunoni, akashushwa katika sehemu ileile ambayo mumewe aliipima.

Kaka alifika langoni kesho yake, na askari wa zamu, aliyemfahamu vizuri, akamwambia, "Mzee Bukuru, wewe ni raia, huruhusiwi kulala humu," naye akamjibu, "Basi niandikeni mkimbizi," watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Miezi mitatu alizunguka ofisi hadi ofisi, na kila mmoja alimsikiliza kwa upole akamwelekeza kwa mwingine, mpaka Machi 1998 akaacha kazi ya miaka ishirini na minne, akaniletea watoto, akahamia kambini kwa mkewe, na walinzi wakachoka kumtoa.

Siku ile niligombana naye, nasema wazi mbele yenu, nikamwambia, "Kaka, unawaachaje watoto kwa ajili ya mtu aliyefungwa kwa amri ya serikali?" akanijibu, "Watoto wana shangazi yao, mama yao ana nani?" akaondoka hata chai hakunywa. Hasira yangu haikuisha mpaka nilipokwenda kuwatembelea Julai, nikamkuta anachimba mifereji ya maji ya mvua kati ya vibanda, wifi yangu anakaanga maandazi, wanacheka kwa Kiha na Kirundi vilivyochanganyika, nikakaa, nikala.

Oktoba 1998 alianza kuumwa ini, akatibiwa kambini, na Januari 11 mwaka huu akaletwa hospitali hapa Kasulu, lakini Esperance hakuruhusiwa kumfuata bila kibali, akaomba, akaambiwa asubiri. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa kaka aliinua kichwa akauliza, "Ni yeye?" nami nikawa namjibu kwamba yuko njiani, mpaka Jumapili tarehe 24, saa tisa alasiri, alipoinua kichwa na hakuuliza tena. Kibali kilitoka Jumatatu.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, wenzake wa kazini waliochimba kaburi kwa mikono yao wenyewe, majirani wa Titye waliotulisha, katekista Reverien, majirani wa kambini waliomwogesha na kumbeba alipoishiwa nguvu na ambao leo hawakuweza kufika, na dereva Abdulrahmani, aliyemleta wifi yetu asubuhi hii na anayetakiwa kumrudisha kabla jua halijazama.

Kwa hiyo nawaomba radhi wazee, utaratibu wetu tutaubadili kidogo, mahubiri yatafuata baadaye, kwanza mpisheni mjane atie udongo, kwa sababu gari limeshawashwa.

Esperance, dada yangu, njoo mbele, usiharakishe, watangoja.

Kaka Melkiadi, amekuja. Lala kwa amani.