Mzee Majivu, Pua ya Kambi Yetu

Pu, pu, pu. Ni soksi kuukuu iliyojaa majivu, ikigongwa pajani ili vumbi lake lionyeshe upepo unaelekea wapi. Niliisikia siku yangu ya kwanza kazini na haijanitoka masikioni. Mwenye soksi, kiongozi wetu wa mawindo tunayemwita Mzee Majivu, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na moja. Hofu yetu ilikuwa kwamba mawindo ya kwa miguu yangestaafu pamoja naye.

Alianza kama mbeba maji. Mwaka wa nne alikuwa akiwaongoza wageni wenye vibali kumnyemelea choroa, yule swala mkubwa wa jangwani mwenye pembe ndefu zilizonyooka, ambaye humnusa mtu kabla mtu hajamwona. Masharti yake yalikuwa machache: kabili upepo, tembeeni kwa mstari mmoja ili muonekane kama mtu mmoja, mnyama akiinamisha kichwa, tambaa; akikiinua, uwe jiwe, hata kama umelalia miiba. Mgeni mmoja aliilalia dakika ishirini, akarudi akisema hajawahi kufurahi hivyo. Hatukumwamini.

Kwenye harufu ndiko alikokuwa mkali hasa. Siku tatu kabla ya mawindo, sabuni ya kunukia ilikuwa marufuku. Nguo zilianikwa juani juu ya vichaka, na alfajiri alitupanga na kutunusa shingoni mmoja mmoja, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. "Dereva, unakwenda harusini? Hebu rudi ndani!" Mkewe alilalamika kwamba ameolewa na kichaka.

Kisha ikaja siku ya mafua. Alitunusa kama kawaida, akawarudisha watu wawili, tukatambaa kwa saa tatu. Zilipobaki hatua mia mbili, choroa dume aliinua kichwa, akapuliza pua, akaondoka zake. Mzee alifoka. Akamnusa dereva, akamnusa mgeni, akanusa hata viatu vya mgeni. Mimi, mwenye wiki mbili kazini, nikasema polepole, "Samahani, Mzee. Ni wewe." Mkewe alikuwa amempaka dawa ya mafua kifua kizima, na pua iliyoziba haikuwa na habari.

Alijiadhibu kwa kuosha vyombo vya kambi wiki nzima. Tangu hapo, kila alfajiri ya mawindo, mimi ndiye niliyemnusa yeye, na kwa miaka sita nikajifunza kazi bila kuambiwa kwamba nafundishwa. Katika muda wote huo hakuna mgeni aliyepotea, wala choroa aliyeachwa na jeraha.

Mwezi huu meneja alibandika tangazo: asipopatikana wa kumrithi, wageni watawinda kutoka kwenye gari. Kwa Mzee, hiyo ni sawa na kwenda buchani kwa kelele. Wiki tatu hakuna aliyeandika jina chini yake. Hakumwomba yeyote. Alilipita tu tangazo kila asubuhi akiangalia upande mwingine, kwa bidii nyingi mno.

Asante, Mzee, kwa subira na kwa ukali wako. Nenda ukapumzike, unukie utakavyo, na mama apate mume nyumbani. Maisha yako ya mbele yawe na afya na vicheko.

Jina langu niliandika Jumatatu. Jana, ukiwa kwenye likizo yako ya mwisho, niliwaongoza wageni wawili kwa miguu.